Natchez Iwe Mwisho wa Safari

Kutoka viungani mwa Nashville, katika jimbo la Tennessee, hadi mji wa Natchez ulio juu ya genge la Mto Mississippi, kuna barabara ya maili 444, yaani kilomita zipatazo 715, ambayo malori ya biashara hayaruhusiwi kupita. Haina mabango ya matangazo wala vituo vya mafuta, na mwendo wa juu kabisa ni maili 50 kwa saa, sawa na kilomita 80. Inaitwa Natchez Trace Parkway na inasimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, kwa hiyo kisheria ni hifadhi ndefu na nyembamba yenye lami katikati. Ndiyo maana inapendwa sana na wasafiri wa magari-nyumba, yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo dereva wake hana haja ya kukimbizana na jua kwa sababu popote penye kambi ni kwake. Sharti ni kwamba gari pamoja na kinachovutwa nyuma yake visizidi futi 55 kwa jumla, kama mita 17 hivi. Kando ya lami kuna nguzo fupi zinazohesabu maili. Hesabu hiyo inaanza sifuri kule Natchez, kusini, na kupanda hadi 444 kaskazini, na masimulizi mengi ya njia hii hupanda nayo. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo, pamoja na manufaa yake kwa wasimamizi, inasimulia upande mmoja tu wa historia, tena upande ulio mwepesi kubebwa. Anayetaka kuielewa njia hii aanzie Nashville, ashuke polepole, na Natchez iwe mwisho wa safari yake.

Hesabu inayoanzia Natchez haikutoka hewani. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa bonde la Mto Ohio walikuwa wakipakia unga, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, tumbaku na wiski kwenye mashua za mbao zenye matumbo bapa, kisha wakiachia mkondo uwateremshe hadi Natchez au New Orleans. Mashua hizo hazikuweza kurudi kinyume cha mkondo. Wenye nazo walizibomoa, wakaziuza kama mbao, wakashika njia ya porini kurudi kwao kwa miguu wakiwa na fedha za mauzo mfukoni. Watu wa Natchez waliwaita wote Kaintuck, yaani watu wa Kentucky, hata waliotoka Ohio au Pennsylvania. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1810 zaidi ya watu 10,000 kwa mwaka walikuwa wakiipanda njia hiyo. Kwa miguu ilikuwa safari ya siku zipatazo 35. Nyumba za kulala wageni zaidi ya 50 zilichipuka njiani, na iliyobaki imesimama ni moja tu, Mount Locust, kwenye maili ya 15, nyumba ya mbao iliyojengwa karibu na mwaka 1780. Kwa senti 25 Kaintuck alipata uji mzito wa mahindi na maziwa, na mahali pa kujinyoosha barazani au uwanjani. Basi tangu mwanzo, aliyekumbukwa zaidi katika njia hii ni mwanamume mweupe anayerudi nyumbani, na mwanamume huyo alianzia Natchez.

Waliofufua njia hii karne moja baadaye waliifufua kwa ajili yake. Mwaka 1909 akina mama wa chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, tawi la Mississippi, walisimamisha jiwe la kwanza la kumbukumbu huko Natchez, kisha wakaendelea kaskazini wilaya baada ya wilaya. Mwaka 1934, nchi ikiwa taabani kwa mdororo wa uchumi na serikali ya Franklin Roosevelt ikitafuta kazi za kuwapa watu, mbunge Jeff Busby wa Mississippi alipeleka bungeni pendekezo la kupima njia ya zamani na kuifanya barabara ya kitaifa. Ujenzi ulianza 1937, na mwaka uliofuata ikaingizwa rasmi katika orodha ya hifadhi. Wahandisi hawakufuata nyayo za zamani hatua kwa hatua, kwa sababu njia yenyewe haikuwa moja. Ilikuwa mkeka wa vijia vilivyohama kila mafuriko yalipokuja au mti ulipoanguka. Barabara mpya inaikata ile ya zamani mara nyingi, inakwenda sambamba nayo kwa kitambo, kisha inaiacha. Kwa hiyo hakuna anayeendesha juu ya historia yenyewe. Anaendesha juu ya kumbukumbu iliyopangwa na watu wa karne ya 20, na kumbukumbu iliyopangwa inaweza kuulizwa maswali.

Swali la kwanza linahusu kifo cha njia hii. Maelezo ya kawaida ni kwamba iliuawa na meli ya mvuke. Meli iliyoitwa New Orleans ilifika katika mji wa jina hilo Januari 1812, ya kwanza kuteremka Mississippi kwa mvuke, na haukupita muda meli za namna hiyo zikaweza kupanda mto. Kaintuck aliyekuwa akitembea mwezi mzima na zaidi sasa alinunua tiketi. Kufikia miaka ya 1820 nyumba za wageni zilikuwa zikifungwa na nyasi zikirudi njiani. Maelezo hayo ni ya kweli kwa waliokuwa wakipanda. Kwa waliokuwa wakishuka, wakati huo ndio kwanza mambo yalikuwa yakipamba moto. Mashine ya kuchambulia pamba iliyopata hataza mwaka 1794 iliifanya ardhi nyeusi ya Mississippi kuwa dhahabu. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1808 ilizuia kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, na mashamba ya tumbaku ya Virginia na Maryland yalikuwa yamechoka. Waliozaliwa utumwani katika mashamba hayo wakawa bidhaa ya kupeleka kusini. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1790 na 1860 watu wapatao milioni moja walihamishwa hivyo ndani ya Marekani, idadi inayozidi mara mbili ile ya Waafrika wote walioletwa moja kwa moja katika nchi hiyo.

Kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo ilikuwa ya Isaac Franklin na John Armfield, iliyoanza mwaka 1828. Armfield alinunua watu huko Alexandria, Virginia. Franklin aliwauza Natchez na New Orleans. Wengi walipelekwa kwa meli za baharini, lakini kila kiangazi msafara mmoja ulitembea. Mwanajiolojia Mwingereza, George Featherstonhaugh, aliukuta mmoja wao kwenye Mto New huko Virginia mwaka 1834, alfajiri, ukijiandaa kuvuka. Walikuwa watu wapatao 300 na magari tisa ya farasi. Wanaume wapatao 200 walikuwa wamefungwa pingu na kuunganishwa kwa minyororo wawili wawili katika mistari, wanawake na watoto wakiwa pembeni, na Armfield mwenyewe alikuwapo. Kutoka hapo misafara ya namna hiyo ilivuka milima na kuingia Tennessee. Huko wengine walishushwa kwa mto na wengine wakashika njia ya Natchez. Mtu aliyeanza Virginia mwezi Agosti angeweza kufika Natchez majani yakiwa yamekwisha kupukutika, na hakuna aliyemtarajia kurudi.

Walipopelekwa panajulikana. Ukingoni mwa Natchez, pale barabara ya Liberty inapokutana na ile ya zamani ya Washington, palikuwa na soko lililoitwa Forks of the Road. Mwaka 1833, wakati wa kipindupindu, maiti za watumwa wa Franklin zilikutwa zimefukiwa juujuu korongoni, na watu wa mji walipata hofu kiasi cha kupiga marufuku wafanyabiashara wa watumwa kuuza ndani ya mipaka ya mji. Wakahamia njia panda, hatua chache nje ya mpaka, na biashara ikanawiri huko kwa miaka 30. Haukuwa mnada. Mnunuzi aliingia, akatazama, akauliza bei, akabishana. Mwandishi Joseph Holt Ingraham, katika kitabu alichochapisha mwaka 1835, ameeleza uwanja wa soko la watumwa la Natchez. Aliona watu kama 40 wamepangwa nusu duara, mrefu kuliko wote mwanzoni, na mwishoni mtoto wa miaka kama kumi. Kila mmoja alikuwa na kofia nyeusi ya manyoya ya mtindo wa siku zile, suti ya kodrai, viatu imara na shati jeupe la pamba. Nguo hizo zinasema mengi. Aliyetembea mamia ya maili kwa pingu alivishwa viatu vipya mwisho wa safari, kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Mtu mwenye uangalifu atapinga hapa. Atasema Kaintuck ameacha risiti, shajara na barua, ilhali ushahidi wa misafara ya watumwa kwenye njia hii hasa ni haba, na kwamba wengi wao waliletwa Natchez kwa maji. Ni kweli, na isifichwe. Hata mtumwa mashuhuri kuliko wote wa Natchez, Abdul-Rahman Ibrahima, mwana wa mfalme kutoka Timbo katika Futa Jallon, alifika kwa mto mwaka 1788. Baada ya kutumikishwa miaka 40 katika shamba la Thomas Foster aliachiwa huru mwaka 1828, akaondoka kwa meli ya mvuke, akafia Monrovia mwaka uliofuata pasipo kuuona tena mji wake. Lakini yeye ndiye anayeonyesha kwa nini ushahidi ni haba. Serikali ilimsikia kwa sababu alijua kuandika: barua yake ya Kiarabu ya mwaka 1826 ilifika hadi Morocco, na sultani wa huko akamwombea. Waliofungwa minyororo wawili wawili hawakuwa na kalamu, na wengi wao sheria na mabwana walihakikisha hawajui kuishika. Uchache wa maandishi yao umetokana na jambo lile lile tunalolichunguza, na hauwezi kutumiwa kuwapunguza. Kwa upande mwingine tunayo mauzo yenyewe, hati za ununuzi zenye majina, umri na bei, na soko kubwa la pili la watumwa katika kusini ya mbali, la kwanza likiwa New Orleans. Soko la ukubwa huo haliwezi kuelezwa kama tanbihi ya safari ya wapiga makasia.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye nchi. Kabla ya Kaintuck na kabla ya Armfield, vijia hivi vilikuwa vya Wachickasaw na Wachoctaw, na kwao Natchez haikuwa mwanzo wala Nashville mwisho. Vijiji vya Wachickasaw vilikuwa karibu na Tupelo ya leo, katikati, na njia zilitoka hapo kwenda kila upande. Serikali ya Thomas Jefferson iliomba ruhusa yao kwa mikataba ya mwaka 1801 ndipo ikapanua njia ya posta. Chifu George Colbert wa Wachickasaw aliendesha kivuko cha Mto Tennessee na kutoza kila aliyepita. Kisha zikaja sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha, mkataba wa Dancing Rabbit Creek na Wachoctaw mwaka huo huo, na ule wa Pontotoc Creek na Wachickasaw mwaka 1832. Ardhi iliyoachwa ilipandwa pamba, na pamba ikaita misafara zaidi kutoka kaskazini. Nakubali kwamba kwao kushuka au kupanda ni jambo la wageni. Ila msafiri wa gari-nyumba lazima aanzie upande mmoja, na anayeanzia kaskazini anayakuta mambo haya kwa mfuatano wa sababu na matokeo: kwanza kivuko cha Colbert, kisha uwanda wa vijiji vya Wachickasaw, kisha nchi ya Wachoctaw, kisha mashamba, kisha soko. Wala hadithi si rahisi. Colbert mwenyewe alimiliki watumwa, na Greenwood LeFlore, chifu wa Wachoctaw aliyetia sahihi mkataba wa 1830, alibaki Mississippi na kuwa mwenye shamba kubwa la pamba lenye mamia ya watumwa.

Karibu na Florence, Alabama, hatua chache kutoka kwenye barabara hii, kuna ukuta unaostahili gari kuzimwa. Tom Hendrix, aliyefariki mwaka 2017, alitumia zaidi ya miaka 30 kuupanga kwa mikono, jiwe juu ya jiwe bila saruji, kwa kumbukumbu ya bibi wa bibi yake, Te-lah-nay, binti wa kabila la Wayuchi aliyehamishwa kupelekwa Oklahoma. Kwa masimulizi ya ukoo, binti huyo hakuweza kukaa nchi isiyo na mto uliokuwa ukimwimbia, akageuka na kurudi kwa miguu peke yake, safari iliyomchukua takriban miaka mitano. Upande mmoja ukuta umenyooka, kwa kuwa alikwenda akiswagwa na askari. Upande mwingine unapinda na kujikunja, kwa kuwa alirudi akijificha na kupotea na kuuliza. Hendrix hakuwa mwanahistoria wa chuo kikuu, lakini alielewa kwamba kwenda na kurudi katika nchi ile ile ni safari mbili tofauti, na kwamba anayeonyesha moja tu amepotosha zote.

Wengine watasema likizo ni likizo. Mtu aliyefanya kazi miaka 40 na kununua gari-nyumba lake ana haki ya kutazama majani yakigeuka rangi bila kuhubiriwa. Haki hiyo anayo. Hakuna anayetaka kumnyang'anya machweo ya Cypress Swamp, pale kwenye maili ya 122, mivinje ya majini imesimama ndani ya maji ya kijani yaliyotulia. Ila mwendo wa pole anaoufurahia ulilipiwa na fedha za umma kwa shabaha maalumu. Waliopanga barabara hii walikataa malori na mabango ili mpita njia aweze kusimama, na kila baada ya maili chache waliweka mahali pa kuegesha na maelezo. Kambi tatu kubwa zina majina yanayobeba historia. Meriwether Lewis, kwenye maili ya 386, ni mahali alipokufa kwa risasi Oktoba 11, 1809 yule mvumbuzi aliyefika Pasifiki pamoja na William Clark; kaburi lake lina nguzo iliyokatwa juu kwa makusudi, ishara ya maisha yaliyokatizwa. Jeff Busby, kwenye maili ya 193, ina jina la mbunge. Rocky Springs, kwenye maili ya 55, ni kijiji cha pamba kilichokuwa na watu zaidi ya 2,600 katika eneo lake mwaka 1860, kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, homa ya manjano, mmomonyoko wa udongo na mdudu wa pamba; leo limebaki kanisa la matofali la mwaka 1837. Anayeshuka hulala usiku wake wa mwisho hapo, ndani ya magofu ya ule uchumi uliokuwa ukinunua watu Natchez.

Asubuhi inayofuata, kwenye maili ya 41, ashuke kwenye gari atembee dakika chache tu. Hapo njia ya zamani yenyewe imezama ardhini. Udongo wa sehemu hii ni vumbi laini lililorundikwa na upepo zama za barafu, na nyayo, kwato, magurudumu na mvua viliuchimba mpaka kingo zikapanda juu ya kichwa cha mtu, mizizi ya miti ikining'inia wazi pande zote mbili. Mfereji huu haukuchimbwa na wanaopanda peke yao. Maili 26 mbele yake ipo tena Mount Locust, ile nyumba ya senti 25, na nyuma yake kuna makaburi ya watumwa zaidi ya 40, bila mawe yenye majina, karibu na mahali Kaintuck walipopewa uji. Anayeanzia Natchez hukutana na makaburi hayo saa ya kwanza ya safari, kisha hupata maili 400 na zaidi za kuyasahau. Anayeshuka huyakuta akiwa tayari anajua waliolala hapo waliletwa kwa sababu gani.

Kipande cha mwisho cha barabara kuingia Natchez kilifunguliwa mwaka 2005, miaka 68 baada ya ujenzi kuanza, na kinaishia kwenye barabara ya Liberty, ile ile ya soko. Kutoka hapo hadi njia panda ni mwendo mfupi. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila nyasi na maduka ya jirani. Mwanaharakati Ser Seshsh Ab Heter-C.M. Boxley alidai kwa miongo kadhaa patambuliwe, na mwaka 2021 Idara ya Hifadhi za Taifa, inayosimamia pia barabara hii, ilipokea eneo hilo rasmi. Kuna zege lililotandazwa chini, na ndani yake zimezamishwa pingu na minyororo ya kweli. Mabanda ya soko yenyewe hayapo. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Jeshi la Muungano, yaani la kaskazini, liliuteka mji Julai 1863, na wanajeshi wake, wakiwemo weusi waliokuwa watumwa hadi juzi yake, waliyabomoa na kutumia mbao zake kujenga makazi ya vikosi vya askari weusi.